Jina la Derlis kwenye Daftari la Mto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi, kituo kidogo cha kando ya mto, Asunción
Jina: Yeruti Benegas. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi wa sekondari. Makazi: mtaa wa bondeni, nyuma ya kanisa. Lugha: Kihispania na Kiguarani, amesoma kwa zote mbili. Amefuatana na shangazi yake, Eulalia Benegas, kwa kuwa ni mtoto kisheria.

Mimi niliyetajwa hapo juu, baada ya kuonywa niseme kweli, naeleza hivi:

Mnamo tarehe 14 Mei, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, nilikuwa shuleni katika chumba cha kompyuta na wenzangu wa klabu ya mto, chini ya Mwalimu Osmar. Tunaingiza katika daftari letu la mto kimo cha maji kinachosomwa kwenye nguzo ya bandarini, daftari linapiga hesabu, kisha linatuma ujumbe kwa simu za watu wa bondeni: kaeni, au hameni.

Sajini Lezcano ameniuliza kwa nini daftari hilo halijaletwa kituoni kama kielelezo. Nimejibu mara nne kwamba si la karatasi. Liko ndani ya kompyuta ya shule, na yeyote aliyepewa kiungo hulifungua popote alipo, akaandika, na wengine wakaona herufi zikitokea papo hapo. Limegawanywa visanduku, ukibonyeza kisanduku, hesabu yake inafanyika. Sajini amesema, "Basi kila mmoja alete nakala yake." Nimesema hakuna nakala, sote tuna lile lile moja. Shangazi amesema, "Andika tu, Afande, utaelewa ukistaafu." Naomba hilo la Shangazi lisiandikwe.

Watu sita kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja ni fujo. Unaandika nne, mwenzio anaifuta, wa tatu anafoka nani kafuta. Ndiyo maana tulikubaliana: aliyeshika kikombe cha tereré, ile chai ya majani tunayoimiminia maji baridi na kupokezana, ndiye mwenye zamu ya kuandika. Kikombe kimoja, mrija mmoja, ubishi hakuna. Siku hiyo aliyekuwa akimimina ni Derlis Cañete, miaka 17. Tena ukurasa umefunguliwa kwa jina lake kwenye kompyuta kubwa ya shule tangu Machi, kwa sababu wengine wote ni wavivu wa kukumbuka maneno yao ya siri. Akikaa pale yeyote, kishale kinaandika kwa jina la "Derlis".

Kikombe kilipomfikia Nidia Rotela, alikaa kwenye kompyuta hiyo akasema, "Hebu tuone mto ukifika mita sita na themanini, bibi yangu atalala wapi."

"Juu ya kabati, na kuku wake," alijibu mwenzetu Blas. Tukacheka.

Kimo halisi kilikuwa mita 4.12. Nidia aliandika 6.80 katika kisanduku kipya, akakibonyeza, akaona jibu, akakifuta. Alidhani yamekwisha. Lakini ukifuta maandishi, kompyuta bado inakumbuka ulichoiambia mpaka mtu aiwashe upya. Hakuna aliyeiwasha upya. Saa kumi Mwalimu Osmar alibonyeza kisanduku cha mwisho, kile kinachotuma ujumbe, kama kawaida, na ujumbe ukaenda: HAMENI USIKU HUU.

Watu walihama. Mto haukuja, walikuja wezi. Bi Ramona, jirani yetu, ameibiwa mabati na friji. Leo asubuhi ilifunguliwa kumbukumbu ya mabadiliko ya daftari, inayoonyesha nani kaandika nini, ikaonekana 6.80 na jina la Derlis. Mjomba wake ana gari la kukusanya vyuma chakavu. Bi Ramona alisema mbele yangu, "Katutoa kama kuku bandani ili mjomba apakie." Derlis yuko kwenye benchi hapo nje tangu saa mbili, simu yake imechukuliwa. Mkuu wa shule amesema akifunguliwa kesi hafanyi mtihani wa mwisho.

Nidia yuko safarini, hapatikani. Blas, ambaye hajawahi kunyamaza maishani mwake, leo anasema hakumbuki. Wengine wanasema walitazama ukutani, ambako ukurasa ulikuwa umemulikwa, na ukutani waliona "Derlis".

Sajini ameniuliza, "Wewe hukutazama ukutani?"

Nimesema hapana.

"Ulitazama nini?"

Shangazi amenikanyaga mguu. Nimesema nilikuwa namtazama Derlis.

"Kwa muda gani?"

Nimesema tangu Machi.

Kwa hiyo najua. Mkono wake wa kulia ulishika chupa ya maji baridi. Wa kushoto ulikuwa umenyooshwa ukingoja Nidia arudishe kikombe. Kidole gumba kina kovu la ndoana. Mikono hiyo haikugusa kompyuta.

Sajini amenisomea aya hiyo kwa sauti ili nithibitishe. Mlango ulikuwa wazi, na benchi liko mlangoni.

Hajamaliza kusoma, simu ya Shangazi imelia, kisha ya Sajini, kisha za watu wote waliokuwa kaunta: HAMENI USIKU HUU. Konstebo Ibarrola ametoka chumba cha pili na simu ya Derlis mkononi, daftari likiwa limefunguka kwenye kioo. Amesema, "Nimebonyeza tu nione inafanya nini."

Kumbukumbu ya daftari imeandika: Derlis Cañete, saa tano na dakika kumi asubuhi. Derlis mwenyewe alikuwa kwenye benchi, mikono magotini, sote tunamwona.

Sajini ametazama simu, akatazama benchi. "Kumbe jina ni jina tu."

"Ndicho mtoto anachokwambia tangu asubuhi, baba," amesema Shangazi. "Sasa wapigie watu wasihame tena!"

Baada ya simu hizo, Derlis ameambiwa aende nyumbani, hana kesi. Nikasema kwa kuwa jambo limejionyesha lenyewe, aya yangu ya mikono haihitajiki tena, naomba ifutwe. Sajini amesema, "Maelezo ya polisi hayafutwi, binti. Hili si daftari lenu."

Derlis hajaondoka. Wakati naandika jina langu hapa chini, bado amekaa benchini.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema, pamoja na yale niliyoomba yafutwe.

Sahihi ya shahidi: Yeruti Benegas
Sahihi ya mlezi: Eulalia Benegas

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, Sajini Lezcano. Shahidi amesomewa yote mara ya pili, kwa ombi lake, kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa.