Ukuta Chini ya Kabichi za Mzee Sefania

Magamba, Lushoto

Kaka yangu Ismaili,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama huko Korogwe, wewe, wifi na watoto. Huku mama kifua kimempungua, ila baridi ya Magamba unaijua. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Chemchemi ya bondeni imekauka. Kila mtu anamshuku Mzee Sefania kwa ule ukuta wa zege alioufukia chini ya shamba lake la kabichi, ati anawazibia maji. Vijana walishatoka na sururu kwenda kuubomoa. Mwenyekiti akawazuia, akaniomba mimi, kwa kuwa ni fundi wa maji, nipime kwanza ukuta unazuia maji kiasi gani. Mzee mwenyewe aliniambia, "Pima, mwanangu, lakini najua umetumwa kunimaliza." Nami sikumwamini. Kila alipotabasamu niliona anaficha jambo.

Nilizamisha mabomba ya kupimia kina cha maji ya ardhini, upande wa juu na wa chini wa ukuta, vipimo nikaviingiza kwenye kompyuta. Ukuta ungekuwa unazuia kweli, maji yangepanda sana upande wa juu na kushuka upande wa chini. Yako karibu sawa! Zege limejaa nyufa, maji yanapita kama kwenye tenga. Nikashuku mabomba yamechezewa, nikachimbia mengine. Majibu yale yale.

Ila bomba la karibu na chemchemi lilinitia wasiwasi: maji yake hushuka kila asubuhi, jioni yanarudi. Kuna mtu anavuta. Nikafuata mngurumo wa pampu mpaka kwenye shamba ulilorithi kwa baba. Kaka, lile shimo uliloniambia ni la choo ni kisima kirefu, na kibarua wako Abdallah anakumwagilia pilipili hoho. Anasema ulimkataza kumwambia mtu, hasa mimi.

Nilirudi nyumbani nikitamani ukuta wa mzee wa watu uwe na hatia. Hata hivyo nimemwendea, nikamwambia hana kosa. Akauliza, ni nani basi? Akanitazama mpaka nikainamisha macho.

Mama bado hajui. Mkutano wa kijiji kuhusu chemchemi ni Ijumaa baada ya swala. Njoo useme kwa mdomo wako. Usipokuja, nitakutaja mimi.

Mama anakuombea dua. Nibusie watoto.

Mdogo wako,
Mwanamisi