Mafuta ya Macho ya Aguti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tororo, tarehe 9 Septemba 1953

Jina: Elinah Amoit, mke wa Omoding
Umri: takriban miaka thelathini
Kazi: mkulima
Makazi: karibu na Malaba
Dini: Mkristo

Shahidi anasema:

Mimi ni mama yake Aguti, mtoto wa kike wa miaka minne. Mwezi wa Juni mwaka huu Aguti aliugua surua. Surua ilipoisha nikaona kwamba jua likianza kutua anapapasa ukuta na kukanyaga kuku. Nilimpeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa dawa wa pale, alimtazama macho, akasema surua imemmaliza vitamini mwilini, yaani chakula cha macho.

"Mpe mafuta ya ini la samaki, kijiko kila siku," aliniambia. "Mpe na maini, majani ya kunde, na papai lililoiva. Usichelewe."

Mafuta ya pale yalikuwa yamekwisha, akaniambia nikanunue.

Mnamo tarehe 11 Julai, siku ya soko, nilikwenda Malaba. Dukani nilipata chupa ya mafuta hayo, imefungwa vizuri, ina picha ya samaki. Nilikuwa nimeishika mkononi. Nje ya duka alisimama Herbert Okochi, mtu wa Busia, amevaa koti jeupe, na mezani kwake kulikuwa na chupa zilizochorwa jicho. Akaniita.

"Mama, hiyo wewe napelekea nani?"

Nikamweleza habari yote ya mtoto.

"Hiyo ni ya kunenepesha watoto tu," akasema. "Yangu ni ya macho peke yake. Mimi nilisomea Kampala."

Nikamuuliza juu ya mboga na maini. Akacheka. "Ukichanganya na mboga, dawa nakufa. Mpe uji mtupu mpaka chupa iishe."

Nikairudisha ile ya dukani, nikanunua yake. Sikufuata urahisi wa bei, maana chupa ya Okochi ilikuwa ghali zaidi. Nilimwamini kwa sababu alivaa koti la daktari, na mwanangu alikuwa hanioni jioni. Askari aliyenipokea hapa mlangoni ameniuliza kwa nini nilikuwa mjinga. Naomba iandikwe kwamba ameniuliza hivyo. Okochi naye aulizwe kwa nini ni mwongo.

Nilimpa Aguti mafuta yale na uji mtupu. Alikuwa akililia kunde, na mimi namnyima kwa mkono wangu. Mwezi wa Agosti macho yakamkauka. La kushoto likaingia ukungu mweupe, kisha kidonda. Mume wangu alitubeba kwa baiskeli mpaka hospitali. Daktari alimimina mafuta ya Okochi kwenye sahani, akayanusa. Akasema, "Haya ni mafuta ya pamba. Yametiwa maji ya samaki ili yanuke." Akampa mtoto mafuta ya kweli na kuamuru arudishiwe chakula chake. Jicho la kulia limepona. La kushoto halipo tena.

Mnamo tarehe 2 Septemba nilikwenda Busia, nyumbani kwa Okochi. Hakuwepo. Mkewe, jina lake Taaka, alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Sikumwambia mimi ni nani. Binti yao, rika la Aguti, alikuwa akila samaki na mboga. Juu ya kabati niliona chupa ya dukani, yenye picha ya samaki.

Nikamuuliza, "Dada, mbona humpi mtoto yale mafuta ya bwana wako?"

Akajibu bila ubaya wowote, "Ah, yale? Yale si ya kwetu. Yale ni ya kuuza."

Sikumpiga mtu, sikumtukana mtoto. Niliondoka, kwa sababu ningekaa pale, leo mngekuwa mnaandika maelezo mengine.

Jumapili iliyopita ndugu zake Okochi walileta mtamba, wakitaka mambo yamalizwe nyumbani. Shemeji zangu wakampokea, wakamfunga kando ya ghala. Mimi nikamfungua, nikamswaga mpaka barabarani.

Shemeji mkubwa akasema, "Mwanamke, unafukuza baraka."

Nikamjibu, "Toa jicho lako wewe, kisha umpokee ng'ombe."

Asubuhi ya leo mume wangu Omoding alitoa baiskeli mwenyewe, akasema, "Panda, twende polisi." Yuko hapo nje na mtoto.

Okochi bado anauza. Jana ameonekana Malaba na koti lake. Sitaki ng'ombe wala radhi yake. Nataka ile meza iondolewe, na yeye asimame mbele ya hakimu akiwa amevuliwa koti lile.

Nimeeleza niliyoyaona kwa macho yangu, ambayo yote mawili ni mazima.

(Dole gumba la kushoto la Elinah Amoit)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maneno haya kwa Kiteso, akayakubali. Chupa moja imepokelewa kuwa kielelezo. Shahidi alipokuwa akitoka, wamefika wanawake wengine wawili kutoka upande wa Malaba, kila mmoja na mtoto mgongoni na chupa iliyochorwa jicho. Nimetuma askari wakamkamate Okochi kabla sijaanza kuandika ya kwao.

Koplo Ekaju