Mlango Uliolia Jukwaani

4 Machi

Mwanangu Fundi,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kujitawala. Wewe je? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai tupu na kusema umeshiba?

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii inasikilizwa na mtaa mzima. Nikisema haloo, jirani anaitikia. Barua ina adabu yake.

Habari kubwa ni kwamba ukumbi wa maigizo umefunguliwa, ule ule ambao mafuriko yaliujaza tope hadi viti vya nyuma. Wameukwangua, wameupaka rangi, na mwezi wa tano kutakuwa na tamasha la maigizo la kusherehekea kwamba tulizama na hatukuisha. Nimerudishwa kazini. Nitaketi nyuma ya pazia kama zamani, karatasi mapajani, nikimnong'oneza mwigizaji pale maneno yanapomtoroka.

Igizo la ufunguzi ameliandika bwana mmoja mgeni. Tunamwita Bwana Makofi, maana hupiga makofi hata mtu akikohoa vizuri. Amezunguka nyumba hadi nyumba akiuliza tuliishije baada ya maji kupungua. Kwetu ameuona mlango wa buluu, ule uliouunga wewe kwa mbao za kitanda cha marehemu baba yako, akauomba aufunge jukwaani. Nimempa. Kwa sasa nyumba ina shuka mlangoni na kuku wa jirani wanaingia kama wageni waalikwa.

Njoo uone, Fundi. Miaka imepita, na kila sikukuu una kazi.

Halafu, bahasha zako siku hizi zinaandikwa na nani? Herufi zilizonyooka hivyo haziwezi kuwa zako.

Mama yako


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimetulia, na nakula. Hilo goti lipeleke kwa daktari, usilibembeleze.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka. Huyu Bwana Makofi ni nani hasa? Ametoka wapi, na anakula kwa nani? Mtu anayeingia nyumba ya mjane kuuliza habari akatoka na mlango, siku nyingine atatoka na nini? Watu wa aina hiyo nawajua. Wanakuja na uso wa huruma, wanasema pole mama, wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha unakuta shida zako zinachekewa na watu wasiokujua.

Na kwa nini mlango wetu? Mji mzima una milango. Mwambie mwanao ni seremala, atamtengenezea mwingine ulio bora. Ule unalia ukifunguliwa, utamwaibisha mbele za watu.

Tena naomba unijibu hili kabla ya mengine yote: umemwambia nini kuhusu mimi?

Kuja, sijui. Karakana imejaa kazi. Bahasha anaziandika mtu wa hapa karakanani, kwa sababu wa posta walilalamika hawausomi mwandiko wangu.

Mwanao


2 Aprili

Fundi wangu,

Salamu zako zimefika, na maswali yako yamefika yakiwa na virungu mkononi. Sisi hapa hatujambo. Goti nimelipeleka kwa daktari, akaniambia nipunguze kupanda ngazi, nami nikamwambia apunguze kusema hivyo, kwa sababu jukwaani hakupandwi kwa kamba.

Bwana Makofi anakula kwake, anajipikia mwenyewe, na anaunguza. Ana mke na mabinti watatu. Sasa umetulia?

Kama ni shaka, si wewe peke yako. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara amenuna, anasema yule jirani mchoyo kwenye igizo ni yeye. Muoka mikate naye amekwenda kumkunja shati Bwana Makofi, anasema huyo mchoyo ni yeye, na kwamba ametiwa chumvi. Walikutana mlangoni mwa ukumbi wakaanza kugombania uchoyo. Kila nyumba inadhani imesemwa. Watu wanaokutana mazoezini wanatazamana kama waliibiana sahani, na ukweli ni kwamba ile miaka tuliibiana sahani kweli.

Mlango aliutaka kwa sababu unalia. Alisema amekagua milango ya mji mzima na hakuna unaolia kama ule. Nimekataa usitiwe mafuta.

Kuhusu wewe, sikumwambia ubaya wowote. Nilimweleza habari zangu mimi.

Huyo mtu wa karakanani, ana jina la kike au la kiume? Nauliza tu.

Mama yako


15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti linasikia.

Rafiki yangu Kinyozi alinipigia simu jana. Alikuwa na furaha, masikini, anataka nimpongeze kwa kupata nafasi ya kuigiza. Nikamuuliza anaigiza nani. Akasema anaigiza kijana mmoja ambaye mji wake hauna kazi, anaamka alfajiri, anafungua mlango taratibu na kwenda zake bila kumuaga mama yake aliyelala.

Kijana huyo ni nani, Mama?

Usiniambie kila nyumba inadhani imesemwa. Vijana wengi waliondoka, lakini waliagwa hadi kituoni, wakaliliwa. Alfajiri ile tulikuwa wawili tu ndani, na mmoja wetu alikuwa amelala. Sasa Bwana Makofi ameyajuaje? Mlango wangu mwenyewe, mbao za kitanda cha baba, vimefungwa jukwaani vinishitaki mbele ya watu wote niliokua nao. Na wewe utakuwa nyuma ya pazia ukimnong'oneza Kinyozi jinsi ya kukimbia.

Nilijua kuna kitu. Zile "njoo, njoo" zako zote zilikuwa za kunipeleka nikaketi mbele nikazomewe. Kama ulikuwa na la kunilaumu, ungenilaumu mwenyewe, usingewapa watu walichezee. Roho inaniuma na siwezi kuificha.

Siji. Na usiniandikie mpaka hilo tamasha lenu liishe.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Umenikataza kuandika, nami naandika, kwa hiyo tumelingana. U mzima? Nijibu hata hilo peke yake.

Una haki ya kushuku. Nilimwambia. Lakini umeshuku kitu kisicho chenyewe, kwa sababu Kinyozi amekusimulia pale anapotokea yeye tu. Akishatoka jukwaani anakwenda nyuma kunywa maji, wala hajui kinachofuata.

Kinachofuata ni kwamba mama hakulala.

Sikulala, Fundi. Mlango ule uliutengeneza mwenyewe, ulijua unalia, ukaunyanyua kwa mikono miwili usilie. Ukalia vivyo hivyo, kidogo. Hata kama usingelia, nilikuwa nimeshasikia unavyolikunja blanketi lako, wewe ambaye hujawahi kukunja blanketi tangu uzaliwe. Nilikuwa nimeugeukia ukuta, macho wazi. Ningegeuka ungebaki. Ungebaki kwa ajili yangu, katika mji usiokuwa na kazi hata ya kupigilia msumari mmoja, na ungeanza kunichukia pole pole huku ukiniita mama. Kwa hiyo nikajifanya nimelala, tena nikakoroma kidogo. Nilifanya makusudi na ningefanya tena.

Ulipofunga mlango nikauambia ukuta, "Nimekusikia, baba. Nenda." Ndiyo maneno niliyompa Bwana Makofi, na ndiyo maneno ya mwisho ya igizo. Yule anayeigiza mama anafumbua macho na kuyasema. Hakuna anayezomewa.

Sikukuambia miaka yote hii kwa sababu ulikuwa hukai kwenye simu muda wa kutosha. Kila nikianza unasema kuna mteja. Nikaona heri ukaambiwe ukiwa umeketi kwenye kiti, gizani, ambako huwezi kusema kuna mteja.

Njoo, baba.

Mama yako


9 Mei

Fundi,

Hatujambo. Sijui kama wewe hujambo.

Jumamosi saa kumi jioni tunafungua. Igizo letu litachezwa mara hiyo moja, kisha wengine watashika jukwaa. Kuna kiti nimekiwekea kitambaa changu cha kichwa watu wasikikalie. Fundi cherehani ameshaniuliza ni cha nani, nami sikumjibu, sasa anashuku nina mchumba.

Mama yako


Jumatatu asubuhi

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua hii haina bahasha wala stempu. Kinyozi ndiye anayeileta kwa mkono. Niko kwake tangu Jumamosi.

Nilikuja. Sikukaa kwenye kile kiti, nilikiona kitambaa chako nikashindwa. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa kutokea, nikiwa tayari kuondoka wa kwanza wakinitazama vibaya. Hakuna aliyenitazama. Muoka mikate alikuwa analia, fundi cherehani anamshikia leso.

Kinyozi hajui kuunyanyua mlango. Aliuvuta hivi hivi, ukalia ukumbi mzima. Kisha yule mama wa igizo akafumbua macho, na ikaja zamu ya yale maneno, naye akayasahau. Nilimwona yamemtoroka. Alitazama pazia, akatazama tena.

Nikangoja mnong'ono wako. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa chini ya viti vile nikiusikia kabla ya waigizaji, na sijawahi kuona umekosa hata mara moja. Safari hii hukusema kitu. Mwishowe yule mama alijilaza tena akaugeukia ukuta, na watu wakasimama kushangilia, Bwana Makofi akiwa mbele, wakidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Kinyozi ananiambia taa yako ya nyuma ya pazia ilizimika ukashindwa kusoma. Siamini. Maneno yale ni yako mwenyewe, huyasomi popote. Nilitoka kabla taa hazijawashwa, kwa sababu nilikuwa nalia kwa sauti, na hapa mtaani nina heshima yangu ya kulinda.

Mtu wa karakanani tumekuja naye. Ana jina la kike. Ameketi hapa kwenye kiti cha kunyolea akijitazama kwenye kioo, ananiuliza kila dakika kama gauni linafaa, anaogopa utamshuku. Nimemwambia hilo halikwepeki.

Nasikia mlango wameurudisha jana na umeshafungwa mahali pake. Ukimaliza kusoma, lala pale pale, uugeukie ukuta kama siku ile. Ninakuja nyuma ya Kinyozi. Nitaufungua bila kuunyanyua, ulie unavyotaka.

Na wewe ukiusikia, geuka.

Mwanao