Mwimbaji Kasimama Wapi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeandika na sifuti. Zile spika mpya, ndefu kama kabati la nguo, bei yake unapata gari — hazina besi. Sikusema "kidogo". Sikusema "huenda". Nimesema hazina. Ngoma inapigwa, mimi nasikia mtu anagonga boksi la viatu.

Nimezisikiliza siku tatu kwenye chumba cha majaribio, pazia limefungwa mbele yake nisione jina wala mbao zinavyong'aa. Ndivyo ninavyofanya kazi. Macho yana upendeleo. Miaka kumi na moja nakalia kiti kile, na wasomaji wa jarida wananiamini kwa sababu sijawahi kumpamba mtu.

Mhariri kaniita. Kasoma, kavua miwani, kaivaa tena. Anasema mwagizaji wa spika ni mtu wetu wa karibu. Tena Bwana Masikio alizisikiliza Jumamosi, chumba hichohicho, akasema besi inatingisha kifua. Bwana Masikio! Mkongwe wetu, akikohoa tu wenye maduka wanaandika. Basi nibadilishe kufikia Ijumaa, la sivyo kiti anapewa yeye.

Nimemwambia sibadilishi hata nukta.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Masikio kapita mezani kwangu na kikombe chake. Eti, "Binti yangu, masikio nayo yanazeeka. Kapime." Binti yake tangu lini? Nina miaka arobaini na minne!

Kwa hasira nimeenda kupima kweli. Daktari kasema masikio mazima, makali. Cheti nimekibandika ukutani, palepale anapopita na kikombe. Ujeuri? Ndiyo, ujeuri.

Jumatano, 5 Machi

Sijabadilisha. Ofisini wananisalimia nusunusu. Chai nimekunywa peke yangu. Tamu vilevile.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Nilisahau nyumbani ufunguo wa chumba cha majaribio. Mama kaniletea. Mama alikuwa karani wa simu miaka thelathini, alikuwa anawajua watu kwa pumzi kabla hawajasema halo. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwekea wimbo — mwanamke mmoja, gitaa moja, ngoma moja. Nilitaka mtu mmoja duniani aniambie niko sawa.

Kageuza kichwa huku na kule kama anayetafuta mbu. Halafu kauliza: mwanangu, huyu mwimbaji kasimama wapi? Mbona yuko kila mahali na hayupo popote?

Dalili hiyo naijua. Nikaingia nyuma ya pazia kwa magoti. Spika ya kulia: waya mwekundu kwenye tundu jekundu, mweusi kwenye jeusi. Ya kushoto — kinyume! Yaani moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi inafia katikati ya chumba. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na aliyefunga ni mimi. Mkono huu huu.

Nikageuza waya. Ngoma ikapiga, mama akashika mkoba wake. Spika nzuri. Nzuri mno!

Nilikaa sakafuni. Nimewaonea watu waliozitengeneza, na hilo silikwepi. Mama kasema si niandike upya kimyakimya tu, nani atajua? Nilikuwa karibu kukubali, nakiri.

Halafu nikaanza kurudisha siku nyuma. Nilizifunga Alhamisi iliyopita. Bwana Masikio alikuja Jumamosi, mlango nikamfungulia mwenyewe. Waya hakugusa. Alichofanya ni kuvuta pazia, azione. Sasa ni besi gani iliyomtingisha kifua?

Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimempelekea mhariri maandishi mapya. Kafurahi! Kasoma kwa sauti: nilifunga waya vibaya, kosa ni langu, spika ni nzuri, naomba radhi. Kaniambia huo ndio ukomavu. Halafu kafika aya ya pili, inayosema nani mwingine alizisikiliza na waya huo huo, na akasikia nini. Furaha ikamkauka.

Anataka aya ya kwanza tu. Nimemwambia zinakwenda zote mbili au haiendi hata moja. Kosa langu nalibeba mwenyewe, lakini sibebi na la mtu mwingine. Bwana Masikio kaitwa. Kasema aya ya pili ni wivu. Nikamwambia basi kaa pale, pazia limefungwa, wimbo mmoja tu, utuambie waya zimekaaje. Mwagizaji alikuwepo, kasema hata yeye angependa kujua. Mzee akakubali. Angekataaje?

Kiti huenda nikakikosa vyovyote iwavyo. Aliyekiri kosa ni mimi. Inaniuma, ila si kiasi cha kunyamaza.

Saa nne na robo. Naandika nimekaa sakafuni nyuma ya pazia, daftari gotini. Nimeshafunga waya, najua mimi tu nilivyofunga. Wanaingia. Nasikia kiti kikilia — kakaa. Anawaambia hatahitaji zaidi ya dakika moja.

Wimbo umeanza.

Dakika moja imepita.

Ya pili nayo. Mwagizaji kakohoa. Mwanamke wa watu anaimba, ubeti wa mwisho huu.

Wimbo umekwisha.

Sasa kasema. Anaomba pazia lifunguliwe, eti likiwa limefungwa hasikii vizuri.

Mhariri ananiita. Anarudia, kwa ukali. Kamba ya pazia ninayo mkononi.

Sivuti.