Ndege Yangu ya Nyumbani Inavuta Kulia

Bi Sharifa mpendwa, amahoro. Naomba msaada wako wa gazetini, na tafadhali usinicheke kabla hujafika chini ya barua. Mimi ni fundi wa mashine za kukamulia mawese hapa Rumonge, na kabla ya uhuru nilisafisha vifaa kwenye uwanja wa ndege kule Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, ambako niliona marubani wa kizungu wakiingia ndani ya kisanduku chenye kiti na usukani, wanajifunza kuruka huku wako chini, nami nikajiambia hiki kitu ni mbao na vyuma tu, na mbao na vyuma ndiyo kazi yangu. Bendera yetu ilipopanda nikatengeneza changu sebuleni: kiti, fimbo ya usukani, pedali mbili za miguu, springi nilizozitoa kwenye mashine mbovu za mawese, na ubao wenye saa za vipimo vya ndege nilizozichora mwenyewe kwa rangi. Hakuna kingine kama hicho kutoka Gitaza hadi Nyanza, nasema hivyo bila aibu.

Mdogo wangu Asmani amekikalia kila siku kwa miaka miwili, na mwaka huu akaitwa Bujumbura kwenye jaribio la vijana watakaopelekwa kusomea urubani, mtoto wa Rumonge, Bi Sharifa, mtaa mzima ukamsindikiza na mama yetu akavaa kitenge kipya. Akarudi hajachaguliwa. Walimkalisha kwenye mashine yao, mwalimu akamwambia mkono wake unavuta kushoto bila sababu, akampa wiki nne ajirekebishe kisha ajaribu mara ya mwisho.

Sasa siri yangu. Mkono wake hauna ubaya. Fimbo yangu ndiyo inayovuta kulia, na najua tangu Ramadhani. Unajua desturi yetu, mgeni hakataliwi, na kwangu kila mgeni wa baada ya sala ya Ijumaa hupanda ndege kwanza ndipo anywe chai, na wote huvuta kulia kwa nguvu zao zote, hasa Mzee Radjabu mfanyabiashara ambaye mwili wake unajaza kiti, mpaka tundu la mbao linaloshika fimbo likapanuka upande mmoja, nami badala ya kulibadilisha nikapaka mawese, kama tunavyopaka kila kitu hapa, asubuhi yanaganda fimbo inakuwa nzito, mchana yanayeyuka fimbo inalegea, na Asmani akazoea kuisukuma kushoto ili ndege yake iende sawa. Sikusema, kwa sababu watu wananiita Fundi Ndege na jina hilo limenikaa vizuri.

Jana Asmani aliniambia mimi kaka yake, "Yaya, mukono yangu iko mubaya. Nitarudia kuanika ndagala." Hiyo ndiyo kazi yake ya zamani, kuanika dagaa wa ziwani.

Kuna mtu wa kijiji cha Kizuka anauza usukani uliotoka kwenye ndege ya kweli, unang'aa, umevishwa ngozi. Je, niununue niufunge kimyakimya, apone bila kujua? Zimebaki siku kumi na tisa.

Feruzi, Rumonge, Septemba 1964

Bwana Feruzi,

Nimefika chini ya barua na sijacheka. Niliisoma mara ya kwanza kwa fahari, nikamsomea na jirani yangu. Mara ya pili nikakasirika. Mashine ya hovyo isingemfundisha Asmani chochote. Yako imemfundisha vizuri, mpaka mwalimu wa Bujumbura akaliona somo lake kwa siku moja, ila somo lenyewe lilikuwa kosa. Na kosa hilo umemwachia mdogo wako alibebe kama lake. Hapo umenikera sana.

Usukani wa Kizuka uache. Mng'ao haumsaidii mtu kuruka. Kifaa cha mkono huchaguliwa hivi: kishike, kisukume, kiachie. Kikirudi katikati chenyewe na kutulia, ni kizuri. Kikichezacheza kwanza, mrudishie mwenyewe hata kama kina ngozi ya simba. Tena ujiulize kikivunjika utapata wapi kipuri. Chako unakijua msumari kwa msumari. Na ukifunga kipya kwa siri, mkono wa Asmani utaendelea kuvuta kushoto, naye ataamini kabisa kwamba ubaya ni wake.

Fungua fimbo leo. Toa mbao iliyolika, weka mbao ngumu, au bora kipande cha bomba la chuma kinachobana sawasawa. Springi za kulia na kushoto ziwe na nguvu moja: ning'iniza jiwe lile lile kwenye kila moja, na ile inayorefuka kuliko nyingine usiirudishe. Osha mawese yote kwa mafuta ya taa, kausha, kisha paka grisi ya magari, kidogo tu. Mawese yabaki jikoni, kwenye mboga ya sombe. Halafu kila asubuhi, kabla Asmani hajakaa, achia fimbo uone inasimama wapi. Fundi wa mashine za mawese hahitaji kuambiwa hayo na mwanamke wa gazeti, na wewe uliyajua, lakini sifa zilikuziba macho.

Wageni usiwafukuze. Mzee Radjabu mtengenezee kiti chake pembeni, chenye fimbo isiyofungwa popote, avute mpaka achoke, kisha mpe chai.

Yote hayo ni baadaye. Kabla hujashika bisibisi, mwite Asmani. Mkalishe, mwambie aachie fimbo, muitazame nyote wawili inavyolala kulia. Siku zilizobaki zinamtosha mtu mwenye mkono unaojifunza namna hiyo, lakini hazimtoshi mtu asiyeuamini mkono wake. Kwa hiyo sema naye kwa lugha ya nyumbani, usipunguze neno hata moja:

"Mukono yako iko muzima, mudogo wangu. Yenye kuvuta ni mashine yangu, na nilijua."

Bi Sharifa