Msalaba Usioliwa na Mchwa

Mke wangu, Mama Yasinta,

Jumamosi tunaganduka, tunaondoa matanga. Ndugu zako watakuja kutoka Muyama, wangu watatusubiri Kagerankanda kwenye kaburi lako, tutasali, tutakula, na msiba wako utafungwa kama wazee wetu walivyoufunga walikotoka, ng'ambo ya mpaka. Siku hiyo ule msalaba wa haraka tuliokuzika nao utang'olewa, uwekwe wa kudumu. Huo wa kudumu natengeneza mimi. Nani mwingine? Kwa hiyo nimekaa karakanani kwetu hapa Kasulu, mashine nimezima, nakuandikia, maana kuna jambo la kuamua watu wawili na mmoja hayupo.

Nimeukata wa plastiki, Adela. Zile mbao zetu nyeupe za PVC.

Unakumbuka zilivyoingia mjini? Mchwa walikuwa wametutia aibu kwa wateja. Fisha bodi, ule ubao wa kufunika ncha za paa, ulikuwa hata haujachakaa rangi tayari umeliwa kwa ndani, ukiugonga unasikia utupu. Nikasikia zimeletwa mbao zisizoliwa na kitu, nikazichukua. Na kwa kuwa mimi ni seremala, mtoto wa seremala, nikafanya ambalo kila seremala wa huku hufanya akipokea mbao: nikazipanga uani juani, zikauke. Wewe ulikuwa Muyama, unamuuguza shangazi yako. Uliporudi ulizikuta zimepinda kama ndizi. Ukaweka mfuko wako chini, ukazizunguka, ukaniuliza kwa upole kabisa, "Baba Yasinta, ulikuwa unakausha maji gani?"

Nikaanza kuziingiza ndani moja moja.

Tukajifunza pamoja. Zilikatika kwa msumeno uleule wa mninga, zikakubali randa ileile, ila zina tabia zake. Wakati wa kuchonga ukingo kwa mashine ya ruta, ukisitasita tu mahali pamoja, plastiki inayeyuka na kunata kwenye kisu. Ukienda kwa pupa, inakwanyuka. Ulikuwa unasimama pembeni ukiniambia, "Buhoro, buhoro," kwa Kiha chenu, nami najifanya sisikii huku napunguza mwendo. Halafu ule unga wake. Vumbi la mbao ukilipangusa linakwenda. Lile lilikuwa linang'ang'ania mikono, nyusi, ndevu, kama limetumwa. Siku moja ulinipakulia chakula, ukanitazama nilivyo mweupe kichwa kizima, ukasema uliolewa na kijana lakini sasa unampikia babu. Nilijidai kukasirika. Nilikuwa na raha sana siku zile, sijui kama niliwahi kukuambia.

Kwenye rangi, wewe ulikuwa fundi na mimi kibarua. Uliushika ule mswaki wa rangi kwa sababu tu fundi wetu alihamia Kahama bila kuaga, na hukuuachia tena. Yule mteja wa njia ya Kigoma alipotaka mbao zake zifanane na mninga, mimi nikasema tumpakie kahawia iliyokolea, kuna shida gani. Ulikataa. Nikabisha, unajua ninavyobisha. Ukachukua vipande viwili vilivyobaki, kimoja ukakipaka kahawia, kingine ukakiacha cheupe, ukaviweka juani mpaka adhuhuri. Kisha ukaushika mkono wangu, ukauweka juu ya cheupe, ukauhamishia kwenye kahawia. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Plastiki ikipata moto namna ile inatanuka, inasukumana na jirani yake, mwisho inaachia misumari. Tukampakia rangi ya maziwa, naye akaipenda.

Ninachokikumbuka zaidi siyo somo la rangi. Nakumbuka kiganja chako juu ya mkono wangu.

Tumbo lilipoanza kukuuma ulisema ni harufu ya rangi tu, na mimi nikakubali kwa sababu ulivyosema ilionekana hivyo. Madaktari walipokuja kutuambia kule Kigoma kwamba ni uvimbe na umesambaa, wewe ndiye uliyenishika bega. Wiki za mwisho ulikuwa unaletwa hapa, unakaa kwenye ule mrundo wa mbao na kanga yako magotini, unasimamia. Nilikuwa nakata vitu ambavyo hakuna aliyeagiza, ili tu usikie mashine na uone kazi zinaendelea. Nadhani ulijua.

Basi huu msalaba. Yasinta ndiye aliyetaka uwe wa plastiki. "Mama alichukia mchwa kuliko nyoka," aliniambia, "huwezi kumwekea kitu watakachokula." Kaka yako Deo alipopigiwa simu akasema, "Shemeji, dada yangu si mlango wa duka. Mwekee mti." Nikawasikiliza wote wawili, nikamfuata mwanao.

Nimeufanya kama ulivyonifundisha. Kingo zilizokatwa nimezipiga msasa laini, maana ndizo zinazokamata uchafu. Nimepangusa unga kwa kitambaa chenye maji, nikaacha ukauke kivulini. Nimepaka rangi ya maji, nyeupe, nikasubiri, nikarudia. Nikakwaruza kwa ukucha pale chini pasipoonekana, kama ulivyokuwa unafanya kila kazi kabla ya kusema "sawa." Haikubanduka. Nikabaki nimesimama, nasubiri mtu aseme sawa.

Jina lako limenishinda. Wewe ulikuwa unaandika majina ya watu kwenye misalaba yao bila hata penseli, yanakaa kwenye mstari kama yamepigwa chapa. Mimi nimetumia rula, na bado ile A ya kwanza imepanda juu kuliko wenzake.

Jana niliusimamisha ukutani, nikarudi nyuma kuutazama. Ni kazi safi, mke wangu. Nasema bila kujisifu. Mvua haitaufanya kitu. Mchwa watapita pembeni. Utasimama pale Kagerankanda hata mimi nikiwa sipo, na hautamhitaji mtu yeyote. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu, nililia, nikalia vibaya, mpaka jirani wa cherehani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni vumbi la plastiki.

Kwa sababu niliukumbuka msalaba wa mama yangu. Ule wa mti, ambao mchwa waliuanza chini kila mwaka. Mvua zikikatika ulikuwa unaniambia, "Mama mkwe ameinama, twende tukamsimamishe." Nachonga mwingine, wewe unaupaka na kuandika jina lake, tunaufunga kwenye bodaboda, tunakwenda. Ulikuwa unabeba maharage na viazi kwenye hotipoti. Tukishauchimbia tunakaa palepale kwenye nyasi, tunakula, wewe unamsimulia mama habari za watoto wa mtaa mzima kana kwamba anawajua. Mara nyingine ulikuwa unasinzia. Hatukuwahi kupumzika sehemu nyingine yoyote, mimi na wewe. Kama msalaba ule ungekuwa wa plastiki tangu mwanzo, tungekwenda mara moja, basi.

Watu wananiambia nikishaganduka nitakuwa mwepesi. Nitanyoa, nitavaa shati jipya, nitaanza upya. Wanasema kwa wema, nami naitikia. Lakini sitaki wepesi huo, Adela. Sitaki kitu kitakachonifanya nisiwe na sababu ya kuja kwako.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekata mwingine, wa paini. Siyo mninga, mninga unavumilia mno. Paini, mti laini kuliko yote niliyo nayo hapa, ambao mchwa wa kule watauanza kabla wageni hawajamaliza kunywa. Deo ataona nimekufanyia ubahili hata kaburini. Mwache aone hivyo. Yasinta alitaka kubisha, akaniangalia usoni, akaenda kutafuta msasa.

Ule wa plastiki nimeufunga kwa shuka, nimeupandisha juu ya kenchi za paa, mahali pakavu. Yasinta nimemwonyesha ulipo. Nimemwambia auweke mwaka ambao mimi sitaweza tena kuja.

Lala sasa, mke wangu. Tutaonana mvua zikikatika.

Mumeo,
Baba Yasinta