Wananiita Abasia

Nyumba ya Malango,
Stanwey, Uingereza.
11 Septemba 1932

Mpendwa mdogo wangu Ambrose,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo wako umepona? Na Edith hajambo, na yule mtoto anayeota meno? Natumaini baridi ya Kanada haijaanza kuwatesa. Mimi mzima, ila viganja vimekuwa vigumu, hata sindano siishiki vizuri. Baba anakula, analala na anagombana na kila mtu, kwa hiyo naye mzima. Miguu tu ndiyo imekataa kabisa.

Mto umejaa mapema mwaka huu. Maji yamefika alama ya pili kwenye upinde wa kati wa daraja. Jiwe jingine la abasia, ile nyumba ya kale ya watawa, limeanguka, likamkosakosa kondoo wa jirani yetu Bi Pruett. Wageni wa mjini bado wanakuja kuchora magofu. Juzi mmoja mwenye kofia ya maua aliniambia nina bahati kuishi mahali hapa. Nilimwitikia tu, nikaendelea kusukuma lango.

Sasa nikueleze lililonikaa kooni. Unajua kwamba tangu Baba aanguke, miaka miwili sasa, navaa koti na kofia yake na kuwafungulia wenye matishali malango ya mto, maji yapande au yashuke ndipo wapite, ofisi ya mto isijue. Nyumba hii ni ya mlinzi wa malango, na ofisi haijawahi kumwandika mwanamke. Tuliahidiana iwe siri mpaka mwezi huu, Baba afikishe miaka sitini na mitano, astaafu, aende kwa shangazi Lettice, nami nipande meli nije kwenu. Sanduku nilishalifunga.

Basi mwezi uliopita mkaguzi akaja bila taarifa. Alisimama darajani, akatazama matishali matatu yakiteremshwa, akaenda zake bila kubisha hodi. Mimi sikumwona hata kidogo; Bi Pruett ndiye aliyenieleza baadaye. Wiki iliyofuata barua ikafika: ofisi haijapata kuona mzee wa umri ule mwenye kazi safi namna hii, kwa hiyo imemwongezea miaka mitano.

Baba alinisomesha barua ile mara tatu.

"Mitano, binti yangu! Wameijua thamani yangu."

"Thamani ya nani, Baba?"

"Ya koti, basi," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono. "Usinipeleke kwa Lettice, mwanangu. Kule hata mto hausikiki."

Nilikasirika, Ambrose. Nilitoka nikalipiga sanduku teke. Nikisema ukweli ofisini, watamfukuza kwa udanganyifu, na pensheni itakwenda na maji. Nikinyamaza, ni miaka mitano, na mimi nina thelathini na minane. Laiti ningeboronga siku ile moja tu, leo ningekuwa melini.

Unakumbuka ulivyokuwa ukilia utotoni tishali likishushwa ndani ya malango, kuta zikirefuka pande zote na mbingu ikibaki kipande? Nilikuwa nakucheka. Nisamehe.

Wenye matishali wanajua kila kitu, na hawajatusema. Lakini unaijua desturi yao, mlinzi haitwi kwa jina lake, huitwa kwa jina la malango yake, na haya yetu ni Malango ya Abasia. Babu, aliyeyalinda kabla ya Baba, hata kaburini ameandikwa Abasia kwanza, jina lake likafuata kwa herufi ndogo. Mwanzoni walinitania, "Abasia, leo umenyoa ndevu!" Nami nikawajibu, "Abasia yuko ndani, mimi ni Hester." Jana Josiah Tuck alipaza sauti kutoka kwenye kona ya mto, "Abasia! Umelala? Nikichelewa mke wangu atanila nyama!" Nikaitika, "Naja!" Nilishafungua lango la juu ndipo nikatambua nimeitikia jina gani.

Kwa hiyo ile kazi uliyoniombea kwenye duka la mikate, waambie wampe mwingine. Sanduku sijalifungua.

Msalimie sana Edith na umbusu mtoto kwa ajili yangu. Shangazi Lettice na Bi Pruett wanawasalimu, na Baba anasema uandike habari za mito ya huko. Mungu awajalie nyumba yenye moto na mlango unaofunguka.

Ukijibu, usiandike "Nyumba ya Malango" peke yake kama ulivyozoea. Weka na jina langu juu ya bahasha, lote, kwa herufi kubwa. Huku limebaki bila mtu wa kulitaja.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Hester Margery Coyle